Gari la Kijiji na Alhamisi ya Mbonea

Mama mmoja wa milimani Upare, jina lake Namkunda, alikuwa na jambo moja tu moyoni. Masika yaliyopita mke wa mwanawe alishikwa na uchungu wa kuzaa, akabebwa kwa machela kuteremka hospitali ya bondeni, na hawakufika. Alizikwa pamoja na mtoto wake.

Kisha likaja shirika lenye gari moja la umeme, la kutumiwa na kijiji kizima kwa zamu. Wakampa Namkunda kazi ya kupima kama watu wanalitaka kweli. Nyumba thelathini zikiwa na nia, gari litaletwa. Zikipungua, litakwenda kijiji kingine.

Namkunda akauliza siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambapo kila nyumba hutoa mtu wa kuchimba mfereji. Hapo ndipo alipokosea. Nani atakataa jambo jema mbele ya wenzake wote, jembe likiwa mkononi? Mikono themanini ilipanda, na vigelegele vikafuata. Lakini alipopita nyumba kwa nyumba kuuliza watalihitaji siku gani, wote walisema Alhamisi. Alhamisi ni soko la tangawizi huko bondeni. Alhamisi hiyohiyo ni kliniki ya wajawazito.

Mwenyekiti wa kijiji alimsihi apeleke tu hesabu ya mikono, mambo yaishe. Namkunda akakataa katakata. Alirudi mlango wa kwanza na swali jingine: Alhamisi utatembea wewe, ili mjamzito apande?

Loo, watu walivyomkwepa! Mmoja alijifungia ndani huku moshi unafuka jikoni kwake. Siku tano mama yule alipanda na kushuka vilima, magoti yamevimba, na karatasi yake haina jina hata moja. Alilia njiani, akafuta macho, akaendelea.

Siku ya sita alifika kwa Mbonea, mkulima wa tangawizi, mtu mbishi ambaye hata kwenye msaragambo hakuinua mkono. Mbonea aliyatazama magunia yake ya kupeleka sokoni.

"Niandike, mama," akasema. "Gunia nitalibeba mwenyewe. Mgonjwa hawezi kujibeba."

Majirani waliposikia hivyo waliona aibu, wakaanza kumfuata Namkunda wao wenyewe. Hawakufika themanini, wala hawakukaribia. Zilikuwa nyumba thelathini na mbili, nazo zilitosha.

Gari likaja. Alhamisi ya kwanza liliteremka likiwa na mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa, na kwenye kona ya pili likamkuta Mbonea na gunia kichwani, jasho linamtiririka. Akasogea pembeni, likapita.

Ndugu zangu, siwaulizi kama mnapenda kitu cha wote, maana najua mtaitikia kwa sauti kubwa. Nawauliza hivi: ni siku gani umekubali kutembea?