Kwa Nini Uvumba wa Kuchanganya Huzikwa Kabla ya Kufukizwa

Zamani, katika milima ya kusini mwa nchi ya China, harufu zilikuwa na mipaka kama mashamba. Kila ukoo ulikuwa na uvumba wake mmoja, wa mti mmoja, na haukuchanganywa na kitu kingine hata chembe. Ukoo wa Luo, uliokaa juu mlimani, ulifukiza msandali. Ukoo wa Fan, uliokaa chini kando ya mto, ulifukiza udi. Watu waliamini kwamba marehemu hana tena macho wala masikio, amebakiwa na pua tu, na kwa pua hiyo huufuata moshi wa kwao mpaka mlangoni. Ukimchanganyia harufu, umempoteza njia. Basi mwenye kuchanganya alihesabiwa sawa na mwenye kufukua kaburi.

Enzi hizo alikuwako mwanamke aitwaye Suyin, binti wa Mzee Fan, aliyeolewa mlimani na Luo Dehai. Siku ya harusi walimfukiza msandali nywele na nguo mpaka udi wa kwao ukamtoka, wakamwambia asiuguse tena. Hakulalamika, ndiyo iliyokuwa ada. Mavyaa yake, Mama Luo, mamake Dehai, alikuwa mjane mkali wa maneno machache, na ndiye aliyekitunza chetezo cha ukoo, chombo cha kufukizia wahenga. Kazi ya kutwanga msandali alimwachia mkaza mwana wake. Kila Suyin alipomaliza, mama yule alichota unga kidogo, akaunusa, akaenda zake. Suyin alishajua kwamba kwa mavyaa yake kunyamaza ndiko kusifu.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha bila kupumzika, mto ukavimba, na asubuhi moja ukingo ukameguka. Kijiji cha Fan kikaondoka na maji. Wanaume wa Luo waliteremka na kamba, Dehai akiwa mbele. Waliwatoa watu wengi. Dehai alipomwona baba mkwe wake ameng'ang'ania nguzo ya nyumba, alijifunga kamba kiunoni akaingia. Kamba haikufika. Wenzake walimsihi arudi. Yeye akaifungua, akaogelea hadi kwa mzee. Nguzo ikang'oka. Waliopotea wote wawili walipatikana chini ya bonde maji yalipopungua, Dehai amemshika mzee kwapani.

Maiti zote mbili zililetwa katika ukumbi wa wahenga wa Luo, kwa sababu hapakuwa na paa jingine lililosimama. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Shangazi yake Suyin, dada wa Mzee Fan, alikuwa amenusurika na kipande kimoja cha udi, kidogo kama kidole gumba, alichokificha kifuani. Aliomba kaka yake afukiziwe. Wazee wa Luo wakakataa: udi haujapata kuwaka chini ya paa lile.

Suyin alipiga magoti mbele ya mavyaa yake, akiwa amevaa nguo nyeupe za msiba, wa mume na wa baba kwa pamoja.

"Mama," alisema, "nao ni moshi kidogo tu."

"Mwanangu amekufa akimwokoa baba yako," alijibu Mama Luo. "Sasa hata moshi wake mnataka kuuchafua?"

"Na baba aje kwa njia gani?"

"Kwa njia ya kwao."

"Kwao hakupo tena, mama."

Mama Luo hakujibu, na mara hii kunyamaza kwake hakukuwa sifa. Wazee waliamua kwamba Dehai azikwe upande wa mashariki, kwa msandali, na Mzee Fan upande wa magharibi, bila moshi, mpaka ukoo wake utakapojenga ukumbi wake. Watu wa Fan waliosalia walikuwa wakilala katika mabanda ya mbuzi. Huo ukumbi ungejengwa lini?

Siku zilizofuata Suyin alitwanga msandali kama kawaida. Alimwona baba yake kwa mawazo, mzee aliyependa kuketi mlangoni, sasa anazunguka mlimani hajui abishe wapi. Shangazi akamjia faraghani, akamtia kile kipande mkononi. "Mfukizie baba yako," alisema, "hata kwa kuiba."

Kuiba harufu si kazi nyepesi, maana harufu hujitangaza yenyewe. Suyin akawaza kuuficha udi ndani ya msandali, kama mtu anayemficha mgeni katikati ya wenyeji. Alikwangua chembe za udi, akazitwanga, akachanganya, akajaribu juu ya kaa moja. Udi ukapiga kelele peke yake. Akaongeza msandali, ukatoka mnuko wa nguo iliyoungua ikiwa mbichi. Akatia asali, akafinyanga vidonge. Afadhali, lakini bado harufu zile zilisemezana kwa pamoja kama wagomvi wawili, hakuna amsikilizaye mwenzake. Udi ulikuwa umekwisha. Kwa uchungu na hofu alivitia vidonge vyote katika mtungi mdogo, akauziba kwa nta, akauzika nyuma ya jiko, akaazimia kusahau.

Baridi ikaja ikapita. Siku za kusafisha makaburi zilipokaribia, Mama Luo alikwenda nyuma ya jiko kupanda vitunguu, jembe lake likagonga mtungi. Akaufukua, akamwita mkaza mwana wake.

"Umezika nini nyumbani kwangu?"

Suyin aliutazama mtungi, akaona hakuna pa kukimbilia. "Nimezika kosa langu, mama. Ni msandali wa Dehai na udi wa baba. Nilivichanganya, havikupatana."

Alingoja apigwe, au arudishwe kwa watu wa kwao, kwenye mabanda ya mbuzi. Mama Luo akakaa chini kwenye udongo.

"Lete moto," akasema.

Suyin alileta kaa katika kigae. Mama Luo alibandua nta, akatoa kidonge kimoja, akakiweka. Moshi ulipanda polepole. Kule ardhini, gizani na penye unyevu, asali ilikuwa imezama ndani ya unga, na zile harufu mbili zilikuwa zimeacha kushindana. Msandali ulitangulia, mkavu, mtulivu. Udi ukaja chini yake, ukaubeba. Suyin mwenyewe hakuitambua kazi ya mkono wake.

Mama Luo alifumba macho, akakaa hivyo mpaka kidonge kikawa majivu.

"Tangu nimzike nimemfukizia kila asubuhi," alisema, "na sijamsikia hata mara moja. Nilidhani amenikasirikia." Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Nilikuwa namwita peke yake. Na yeye hakuondoka peke yake. Angewezaje kuingia ndani, amwache mwenziwe nje?"

Siku ya makaburi ilipofika, Mama Luo alikibeba chetezo cha ukoo mwenyewe. Kwanza alikwenda mashariki, akamfukizia mwanawe msandali mtupu, kwa kuwa mtoto ana haki ya kuitwa kwa jina lake. Kisha akakata mlima hadi magharibi, Suyin na shangazi nyuma yake, akafukiza vidonge vya mchanganyiko juu ya kaburi la Mzee Fan, ili wale wawili waje pamoja. Wazee wa Luo walimfuata wakinung'unika kwamba amevunja ada.

"Chetezo hiki hapa," aliwaambia. "Anayetaka kukitunza akichukue."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kabla ya mwaka kwisha, watu wa Fan walikuwa wamehama mabandani, wakajenga nyumba katikati ya nyumba za Luo.

Na kuanzia msimu ule, watu wa milima ile hufukiza harufu moja kwanza, ya mti mmoja, kumwita marehemu wao. Uvumba wa kuchanganya hufuata baadaye, wageni wakishafika na watu wakiwa pamoja. Uvumba huo hauchomwi ukiwa mpya. Hufinyangwa kwa asali, ukatiwa mtungini, ukazikwa hadi majira yabadilike. Mtungi huo haufukuliwi na mtu mmoja. Mkaza mwana hushika jembe, na mavyaa yake ndiye hunusa wa kwanza.