Karatasi za Kabatini kwa Champa

Wahenga hawakubahatisha waliposema akiba haiozi. Mzee Vijay wa Harrow, jijini London, aliijua methali hiyo tangu utotoni Mombasa, lakini kuijua si kuiamini.

Miaka arubaini iliyopita, yeye na mkewe Champa walianzisha kampuni ya michezo ya kompyuta kwenye meza yao ya kulia chakula. Michezo yao haikuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maneno, "Uko pangoni, mbele yako pana mlango," kisha akaandika anachotaka kufanya. Vijay alitunga. Champa alinakili kaseti, ambazo enzi hizo ndizo zilizohifadhi programu za kompyuta, na kila Ijumaa akaichapisha programu nzima kwenye karatasi ndefu zenye matundu pembeni. "Wamaliza wino bure," mumewe alimkemea. Michezo ya picha ilipoingia, wateja waliwapa kisogo. Siku ya kufunga kampuni, Vijay kwa hasira alirekodi nyimbo za filamu juu ya kaseti zote, na karatasi akazitia pipani.

Sasa bwana Severin wa makumbusho alikuwa amepiga simu. Walikuwa wakiandaa maonyesho ya michezo ya kwanza ya kompyuta, na kampuni ya Vijay ingewekwa mradi alete mchezo wenyewe kabla ya Jumatatu. Bila mchezo, hakuna jina.

Tangu hapo Vijay hakutulia. Alipanda darini, akashuka gereji, akapanda tena. Alisikiliza kaseti moja baada ya nyingine, zote nyimbo tupu. Chai yake ilipoa mezani. Alijuta mpaka machozi yakamlenga, kwa maana ujana wake wote ungefutika kana kwamba hakuuishi.

"Daddy, please sit down," binti yao Priya alimsihi.

"Nikae vipi? Kesho kutwa ndiyo deadline!"

Champa alikuwa akichambua mchele. Alimwacha ahangaike kidogo zaidi, kwani kisasi cha miaka arubaini kina utamu wake. Kisha akasema, "Bwana we, hebu toa sufuria kabatini."

"Sufuria za nini saa hizi?"

"Wewe toa tu."

Akazitoa. Chini yake zilikuwa zimetandikwa karatasi ndefu zenye matundu pembeni, zimeshika rangi ya bizari lakini zasomeka. Kabati la pili vilevile. La viungo vilevile.

"Ulizitupa, nikaziokota," alisema Champa. "Karatasi nzuri kama zile?"

Priya alizichapa upya kwenye laptop siku hiyo na ya pili yake, baba yake akizungukazunguka nyuma ya kiti. Jumapili jioni kioo kikaandika, "Uko pangoni." Vijay alilia bila kujificha.

Severin alipouliza jina la kuweka kwenye kibao, Vijay alikumbuka kuwa kwenye kaseti zote lilikuwa lake peke yake.

"Andika Champa kwanza," alisema.

Champa akacheka. "Haya, na makabati yangu nitayatandika nini?"

Vijay alivaa koti akaenda mwenyewe dukani kununua karatasi mpya, na njia nzima alikuwa akikiri kwa sauti, wapita njia wakimtazama: kweli, akiba haiozi.