Kibaba Kilichokatwa Mdomo

Enyi mlao mkashiba, nanyi mlalao na njaa, sikilizeni. Mbingu zilifungwa juu ya nchi ya Mfalme Simba, mito ikawa njia za vumbi. Likabaki ghala moja la mtama, na mlinzi wake alikuwa Waziri Fisi, ambaye hakuwa ameonja mtama tangu azaliwe. Simba alimteua kwa hoja hii: "Asiyekula mtama hawezi kuuiba."

Mfalme mwenyewe alikuwa na shughuli kubwa zaidi. Alikuwa akijenga Ukumbi wa Mwangwi, ambamo ngurumo yake ingerudi na kurudi hadi isikike nchi jirani. Majembe yote yalichukuliwa kuchimba msingi. Manyunyu yalipoanguka, wakulima waliomba ruhusa wakapande.

"Mvua itangoja," alisema Simba. "Ngurumo haingoji."

Mvua haikungoja.

Amri ya chakula ilikuwa hii: siku moja ya kubeba mawe, kibaba kimoja cha mtama. Kibaba chenyewe kilikuwa buyu lenye alama ya ukucha wa mfalme kitakoni, wala chakula chochote hakikuruhusiwa kupimwa kwa chombo kingine. "Na bei hii," Simba aliapa, "haitapanda kamwe."

Fisi aliitii amri kwa unyofu wa kutisha. Bei hakuigusa. Aligusa buyu. Kila lilipochafuka mdomo, hakuliosha; aliukata mdomo kwa meno, akasema huo ndio usafi. Buyu likawa bakuli, bakuli likawa kisahani. Mtama aliopunja aliupitisha mpakani, akarudi na mifupa.

Ikafika zamu ya Bi Digidigi, mjane mwenye mtoto mmoja ambaye njaa ilikuwa imemnyima nguvu ya kusimama. Alipokea ujira wake, akauhesabu punje kwa punje.

"Bwana Waziri, mtama huu naweza kuupa majina, kila punje na lake. Mwanangu hatavuka juma hili."

"Mama, bei imepanda?"

"Haijapanda."

"Basi piga makofi."

Akapiga makofi huku machozi yakimtiririka. Ee Mungu unayewalisha kunguru, uliyasikia makofi yale.

Sungura alikuwa nyuma yake kwenye foleni. "Nyamaza, dada yangu," alimnong'oneza. "Kesho ukumbi unafunguliwa, na kutakuwa na karamu. Nitaomba kazi ya kupakua."

Karamu ilikuwa ya nyati mzee aliyekufa kwa kiu, akachomwa mzima mzima. Sungura aliomba kupakua, naye mfalme akakubali mara moja: asiyekula nyama hawezi kuiiba. Wageni walipoketi, Sungura alichukua kibaba cha serikali, akampimia mfalme kwanza. Kipande kikatua mbele ya Simba kama nzi juu ya mwamba.

"Nyama iko wapi?"

"Mbele yako, Mfalme wangu. Hapo, upande wa kulia wa ukucha wako."

"Unanidhihaki, we mwenye masikio?"

"Hasha! Ni kibaba kamili, chenye alama yako. Ndicho walichokula waliokujengea ukumbi huu. Mimi ni nani hata nivunje amri yako?"

Simba akawatazama wageni. Kiburi hakikumruhusu kukiri kwamba kipimo chake ni kidogo. Akameza, akajilamba, akatangaza: "Nimeshiba! Waziri naye apewe kama mimi."

Fisi alikuwa amefunga tangu jana ili tumbo lipate nafasi. Alipoona kilichowekwa mbele yake, akili ilimtoka.

"Hiki si kibaba!" alibweka. "Kibaba cha kweli hunifika kifuani! Mnanifundisha mimi? Nimekikata mwenyewe!"

Ukumbi ukatenda kazi uliyojengewa. *Nimekikata mwenyewe... mwenyewe... mwenyewe...* Sauti ikavuka vilima, ikavuka mpaka, hata wauza mifupa wakaisikia.

Bi Digidigi akasogea mbele kutoka mlangoni, waliposimama wajenzi. "Mfalme wangu, umeshiba kweli?"

Kabla Simba hajafumbua kinywa, tumbo lake lilijibu. Lilinguruma kwa njaa, na ukumbi ukalirudisha lile neno mara nyingi. Hiyo ndiyo ngurumo ya kwanza ya kifalme kusikika humo.

Simba akainamisha kichwa. "Sijashiba," alisema.

Siku ile ile ghala lilifunguliwa, na majembe yakarudi mashambani. Likatafutwa buyu zima, na kipimo cha kwanza akapewa Bi Digidigi. Mtoto wake alilamba uji hadi chungu kikang'aa, kisha akaomba tena. Fisi alipelekwa kulima juani, na ujira wake wa siku ukawa kibaba kile kile alichokikata, tena cha mtama. Msimcheke kupita kiasi, kwa maana njaa yake nayo ni njaa. Lakini kila aliyekabidhiwa ghala la wenzake na alishike neno hili: mla cha mwenzie na chake huliwa.