Harufu ya Pilau ya Sultani Zahran

Hapo zamani, kabla ya babu za babu zetu, mji wa Mtapani ulitawaliwa na Sultani Zahran, mtu wa mali nyingi na mkono wa birika. Ubavuni mwa kasri lake palikuwa na kibanda cha makuti cha Faki Chande, ambaye hakumiliki kitu ila kitanda cha kamba, mke mcheshi na ulimi wake.

Ikawa wageni watukufu wako njiani, Sultani akamwita.

"Faki, kibanda chako chanitia haya. Ijumaa wageni wangu wakifika wasikukute jirani yangu. Nikikuona ujiranini, makao yako ni gerezani."

Faki hakutaka kuhama, kwani mama yake alizikwa nyuma ya kibanda kile. Hata hivyo akainama, akasema, "Labeka, Seyyid yangu. Mimi si msomi. Niambiwe ujirani huishia wapi, nisije nikakosea mpaka."

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akapapasa ndevu, akasema, "Mila yetu ni hii: harufu ya chungu chako ikifika kwa mtu, huyo ni jirani yako, na ana haki ya bakuli."

"Umesikia!" akanguruma Sultani. "Hama hadi harufu inapokoma."

Basi Ijumaa asubuhi, masufuria ya pilau yalipotelekwa kasrini, Faki akajitwika kitanda, mkewe Bi Rehani akabeba mkeka, wakaenda pua juu kama paka. Sokoni akanusa: "Bado." Kwa wafua shaba akanusa: "Bado."

"We Faki, wahamia wapi na kitanda?" akauliza mwuza maandazi.

"Natafuta pasipo na jirani wa Sultani. Pua yako yasikia nini, shangazi?"

"Pilau, tena ya mbuzi!"

"Basi nawe ni jirani, kadhi kasema. Hama kama mimi, au kachukue bakuli."

"Kuhama siwezi, mwanangu. Bakuli ninalo."

Ikawa hivyo mtaa kwa mtaa, na upepo nao haukumwangusha. Wageni walipoketi, ua wa kasri ulikuwa umefurika watu na mabakuli, na mbele yao Faki, kitanda kichwani.

"Faki! Sikukuambia uhame?"

"Nimehama, Seyyid yangu, hata miguu imeota sugu. Mwisho wa harufu sikuuona. Kama ujirani ni kosa, sote tu wakosaji. Sijui gereza litatuenea."

"Mimi nipakuliwe ukoko," akadakia mwuza maandazi.

Mgeni mkubwa akastaajabu. "Hatujapata kuona mfalme anayealika mji mzima!"

Sultani akamgeukia kadhi amwokoe. Lo! Kadhi naye kashika bakuli, tena la ukubwa wa beseni. "Nyumba yangu, Bwana, iko upande uvumako upepo," akanong'ona.

Hapo Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka. "Wapakulieni! Nawe Faki, rudi kibandani kwako."

"Na kitanda?" akauliza Bi Rehani.

"Kitabebwa na askari wangu!"

Tangu siku hiyo, Sultani akitamani nyama, kwanza hupanda darini kutazama upepo. Na Faki humtazama yeye, bakuli likiwa tayari kizingitini.