Katibu, Bajaji na Karatasi ya Bibi

Wapendwa, kulikuwa na katibu mmoja wa kanisa, dereva wa bajaji. Wageni kutoka Uingereza wangefika Jumapili, na mchungaji akamwambia, "Katibu, maombi ya watu tutayasoma kwa Kiingereza. Yatafsiri." Lo! Kiingereza chenyewe alikiacha darasa la saba.

Jumatatu akafungua sanduku la maombi. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja jirani yake, nyumba ya pili tu: "Mungu, niletee mtu wa kunipeleka hospitali. Mguu umevimba, siwezi kukanyaga chini."

Hapo kichwa kikamzunguka. Kamusi inampa "bring", inampa "take". Ipi inakaa wapi? Akawasha bajaji mpaka kwa mwalimu, ng'ambo ya mto.

"'Bring' ni kuja huku," mwalimu akasema. "'Take' ni kwenda kule."

"Huku kwa nani, mwalimu? Kwa Mungu au kwa bibi?"

"Kwa bibi! Mtu anakuja, bibi anakwenda."

Akaondoka ameelewa. Kufika nyumbani, yote yameyeyuka. Jumanne akarudi. Jumatano akarudi tena, sasa "take" imegeuka "took", "bring" imegeuka "brought", naye karibu alie. Maskini ya Mungu, aliogopa kuaibika mbele ya wageni. Mnacheka? Mimi namhurumia.

Alhamisi mwalimu akachoka. "Ndugu yangu, jiulize tu umesimama wapi. Kwani huyu bibi anakaa wapi?"

"Jirani yangu."

"Na hiyo bajaji hapo nje?"

"Yangu."

Mwalimu akagusa neno "hospitali" kwenye karatasi ya bibi. Katibu akatoka mbio, hata kalamu akaiacha mezani.

Alimkuta bibi amekaa kizingitini, kifurushi cha nguo kimefungwa tayari, mguu umekuwa mweusi ti. "Karibu, mwanangu," bibi akasema. "Tangu Jumatatu nakuona ukipita na karatasi yangu. Nikasema, labda bado anaisoma."

Bibi yule alirudi nyumbani na mguu mmoja, wapendwa. Daktari alisema angefika Jumatatu ileile, wangeuokoa.

Na sisi je? Sisi tunaopokea shida ya mtu, tukaichambua kikaoni, tukaiweka kwenye ajenda, tukaiombea kwa sauti mpaka tukakauka koo! Leo, kabla hujasema amina, mtazame aliyekaa kando yako. Huenda jibu la maombi yake wewe unaliendesha kila siku, na jana ulimpita nalo mlangoni.