Makala Iliyonukuliwa Kuliko Zote

Profesa Ndyanabo, mvumbuzi wa dawa ya minyoo, hakukubali makala yoyote ya utafiti itoke idarani kwake bila jina lake. Mtafiti wake Siwema alipomaliza makala yake, Profesa akamwita.

"Jina lako lifute. Libaki langu tu."

"Hata mwishoni nisikae, Profesa?"

"Mkataba wako unautaka, huutaki?"

"Nautaka. Basi uisome kwanza."

"Nisome nini? Nimeanza kuandika hujazaliwa. Tuma!"

Ikatoka, ikanukuliwa dunia nzima kuliko zake zote. Kwenye sherehe ya kumpongeza, mgeni rasmi akamshika mkono.

"Profesa, una moyo! Nani mwingine angethibitisha mwenyewe kwamba dawa yake haiui hata mnyoo mmoja?"

Profesa akamgeukia Siwema. "Nani kaandika haya?"

Siwema akameza pilau kwanza. "Ni wewe, Profesa. Peke yako."