Jambazi Aliyeombwa Ruhusa ya Kuuawa

Wapendwa, huko Ufilipino alikuwapo jambazi aliyeogopwa na mji mzima. Jina lake siwatajii, maana nawajua, mtaanza kumtafuta kwenye simu zenu kabla sijamaliza. Aliiba, alipiga watu, na siku moja alimuua mwenye duka mmoja mbele ya mke wake. Akakamatwa, akafungwa miaka mingi, na hukohuko gerezani Mungu akamkuta. Alipotoka alikuwa mzee mpole, anauza uji wa mchele asubuhi pembeni ya soko.

Uji wake ulikuwa mtamu, watu walipanga foleni. Lakini mjane wa yule mwenye duka alikuwa bado anaishi mtaa uleule, na kila akienda sokoni alizungukia nyuma, kwenye matope, ili asipite karibu na sufuria ile. Mzee alikuwa akimwona. Alitamani kumfuata amwombe msamaha, akashindwa. Utamwambia nini mtu uliyemfanya mjane? Habari za asubuhi?

Basi wakaja watu wa filamu. Wenzetu kule wanapenda sana filamu za majambazi wa kweli, na filamu hizo zina desturi yake: lazima jambazi afe mwishoni, kwa risasi, mvua inanyesha. Wakamwambia, "Mzee, tunataka kuonyesha maisha yako. Tunaomba ruhusa tukuue mwishoni."

"Mbona mimi ni mzima?"

"Tunajua, mzee. Lakini nani atakata tiketi aje kuangalia jambazi anakoroga uji?"

Mnacheka. Yeye hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Haya, niueni. Ila yule mwenye duka msimfanye mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema." Wakakubali.

Filamu ikatoka. Mzee akaingia ukumbini kofia imeshuka mpaka machoni, akakaa nyuma kabisa. Watu wakajaa. Kiti cha mwisho kilichobaki kilikuwa pembeni yake, na aliyekuja kukikalia ni yule mjane. Alitaka kuona mumewe ameonyeshwaje. Walitambuana. Mama wa watu alisita, akaangalia huku na huku, pengine pa kukaa hapakuwapo. Akakaa.

Sasa nisikilizeni. Ilipofika pale jambazi anampiga risasi mwenye duka, ukumbi ulipiga makofi. Ndiyo, makofi, kwa sababu mwigizaji alikuwa hodari wa kuizungusha bastola. Na ilipofika mwisho, jambazi ameanguka kwenye mvua, ukumbi uleule ukalia. Watu wazima wanajipangusa machozi. Hivi kweli, jamani? Asiye na kosa anapigiwa makofi akifa, muuaji analiliwa? Waliomlilia mwenye duka ukumbini humo walikuwa wawili tu, nao walikuwa wamekaa kiti kwa kiti.

Watu walipotoka, mzee akamfuata yule mama mpaka mlangoni.

"Mama," akasema, "sina neno la kukuambia. Leo umeniona nikifa."

"Nimekuona. Miaka yote niliiombea siku hiyo. Nilidhani nitafurahi."

"Hukufurahi?"

"Sikufurahi. Nimechoka tu."

Mzee akainamisha kichwa, anangoja kutukanwa. Mama akasema, "Kwetu sisi mtu akifa tunamsalia, na mwisho wa matanga tunapika, tunakula. Aliyemuua mume wangu amekufa leo, nimemwona kwa macho yangu. Matanga yake nitayafanya mimi. Jumapili njoo nyumbani ule."

"Nije mimi?"

"Uje wewe. Nani mwingine alimjua vizuri?"

Yule mzee alikaa kwenye ngazi za ukumbi akalia kama mtoto, na kifua chake kikawa chepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mji mzima ulilipa kiingilio kuona jambazi akifa. Aliyekubali kwamba amekufa kweli ni mjane peke yake.

Na sisi je? Hapa kanisani tunabatiza. Tunaimba, tunapiga vigelegele, tunasema mtu wa kale amezikwa. Jumatatu haijafika saa nne tunanong'onezana: "Nani, yule? Yule si ndiye aliyekuwa akiuza gongo?" Mungu amezika, sisi tuna majembe tunafukua. Kazi hiyo nani ametupa?

Na wengine wenu mnajifukua wenyewe, ndio ninaowahurumia zaidi. Unapiga magoti uombe, ile filamu yako ya zamani inaanza, unaiangalia mpaka mwisho, unainuka hujaomba. Mwenye duka hakurudi, ni kweli, na mzee wa uji hakumsahau hata siku moja. Lakini Jumapili ile alikwenda, akala, akaombewa na mjane wa mtu aliyemuua. Ndugu yangu, kama yeye alikaribishwa, wewe unaogopa nini? Pumua. Umesamehewa.

Leo tunashiriki Meza ya Bwana, mkate na kikombe viko hapa mbele. Inuka uje. Na yule aliyekukosea, unayemjua wewe na ambaye macho yako yameshaanza kumtafuta humu ndani, akiinuka naye, usigeuze uso. Msogelee, mje pamoja. Huyo uliyekuwa unamchukia tumeshamzika, na huyu ni mwingine, ana njaa kama wewe.